Kafyu Iliisha, Simu Ikabaki Mkononi

Nkuhungu, Dodoma
9 Agosti 2024

Rafiki yangu mpenzi Zainabu,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Hatujambo, isipokuwa upepo wa Agosti umetushika kwelikweli na vumbi linaingia hadi kabatini.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umeniandikia kwamba tabia yako ya kushika simu kabla hujashuka kitandani ilianza wakati wa kafyu ya korona huko Nairobi, na unashangaa kwa nini kafyu iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021 lakini tabia yenyewe ipo hadi leo. Jambo hilo nimelifikiria wiki nzima, kwa sababu nami ninayo tabia hiyohiyo, na mimi sikufungiwa ndani hata siku moja.

Hapo ndipo ninapotofautiana nawe. Ninyi mliambiwa, kuanzia 27 Machi 2020, msionekane nje kati ya saa 1 jioni na saa 11 alfajiri, na siku chache baadaye mkazuiwa hata kutoka Nairobi. Huku miji haikufungwa. Soko la Majengo liliendelea kuuza, makanisa na misikiti ilibaki wazi. Kilichofungwa, tangu 17 Machi, ni shule, na vyuo vikafuata. Hata hivyo jioni tulikaa sebuleni kama ninyi, kila mtu na kioo cha simu yake. Kwa hiyo silitupii komeo la mlango lawama yote. Naamini kilichotubadilisha zaidi ni kungoja habari ambayo hujui itafika saa ngapi. Mgonjwa wa kwanza wa korona Tanzania alitangazwa 16 Machi. Kwa wiki kadhaa tukapewa idadi ya wagonjwa, kisha kuanzia Mei idadi ya kitaifa ikaacha kutangazwa, lakini hofu haikuacha. Mtu alifungua simu, akakuta maelekezo ya kujifukiza, akaifunga. Baada ya dakika tano akaifungua tena asije akapitwa. Mtego unaonasa ndege mara mojamoja ndio unaomwamsha mtegaji usiku kwenda kuutazama. Uvumi ulienea kiasi kwamba Aprili ileile WhatsApp walizuia ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi usipelekwe kwa zaidi ya mtu au kundi moja kwa wakati.

Kuhusu shule, nina la kukueleza ambalo sijawahi kumwandikia mtu. Nilikuwa na kidato cha pili, wanafunzi 52. Nilipoanzisha kundi la WhatsApp la wazazi ili nitume mazoezi, niliweza kuwaingiza 19 tu; waliobaki walikuwa na vitochi, simu ndogo zisizopokea picha, au hawakuwa na simu kabisa. Nilikuwa naandika zoezi kwenye daftari, nalipiga picha karibu na dirisha ili mwandiko uonekane, kisha nalituma saa 3 usiku, kwa kuwa mwenye simu ni mzazi naye hurudi nayo usiku. Mtoto mmoja aliyekuwa Hombolo alinijibu kwa simu ya mjomba wake: daftari limelazwa juu ya ndoo ya maji iliyofunikwa, na kivuli cha kidole kimeziba jibu la tatu. Picha ile ninayo mpaka sasa. Lakini tuliporudi darasani 29 Juni, wengi wa wale 19 walikuwa wamezoea kukesha na simu na walisinzia kipindi cha kwanza, ilhali kati ya wale 33 wapo waliokuwa hawajafungua kitabu tangu Machi. Simu ileile iliwaumiza wote, hawa kwa kuwapo na wale kwa kukosekana, na mimi mwalimu wao sikuwa na dawa ya upande wowote.

Linaloniuma kuliko yote, Zainabu, ni misiba. Mei 2020 Benki Kuu ya Tanzania ilipandisha kiwango cha fedha ambacho mtu anaweza kutuma kwa simu kwa siku, kutoka shilingi milioni 3 hadi milioni 5, ili watu wasisongamane benki. Kwenu Safaricom nao walikuwa wameondoa ada ya M-Pesa kwa kiasi kisichozidi shilingi 1,000. Hatua hizo zilikuwa njema, na zilisaidia wengi. Tukaanza kutuma rambirambi kwa simu, kwa kuogopa mkusanyiko, tukijua ni kwa muda. Mwaka huu mwenzetu mmoja ofisini amefiwa na mama yake. Namba ya kutumia rambirambi iliwekwa kwenye kundi asubuhi, na hadi saa 6 mchana nilihesabu ujumbe wa pole zaidi ya 40, mwingi ukiwa na alama zilezile za mikono iliyokunjwa. Jioni nilikwenda. Chini ya turubai, upande wa wafanyakazi wenzake, tulikuwa watatu. Mfiwa alinishika mkono akaushikilia muda mrefu bila kusema neno, na mimi nilishukuru kwamba nilikwenda, kisha nikaona haya, kwa kuwa misiba miwili ya mwaka jana mimi nami nilituma fedha nikaendelea na shughuli zangu.

Hilo ndilo jibu nililokuwa nalitafuta tangu niliposoma barua yako. Sisemi simu ni mbaya. Bila hiyo yule mtoto wa Hombolo asingenifikia. Lakini hofu ilituruhusu kutokwenda, na hofu ilipoondoka sisi tukabaki na ruhusa.

Hata sisi wawili tumo humo. Tangu mwaka 2020 ninatazama picha zako unazoweka kwenye status, naona watoto wamekua, naona umehamia nyumba yenye roshani, na ninaridhika kana kwamba nimekujulia hali, kumbe sauti yako sijaisikia tangu Pasaka. Niandikie ni saa ngapi unafunga kazi siku za Jumamosi, nikupigie hapo, nawe unieleze kwa kinywa chako mguu wa mama unaendeleaje, maana kwenye picha siku zote ameketi.

Wasalimie wote nyumbani.

Akupendaye,
Chiku