Zuhura, usinunue kwanza

Tanga, Jumapili usiku

Shoga yangu,

Salaam nyingi. Huku sote wazima, mama anakusalimu, mengine tutahadithiana ukija. Naandika mbiombio maana Biti Omari kaniambia keshokutwa unakwenda kumnunulia Mwalimu Kindle, kile kifaa cha kusomea vitabu. Ngoja kidogo.

Mimi Kindle ninayo na naipenda. Toleo lake la Paperwhite la sasa lina kioo cha inchi 7, herufi zimekolea kama za kitabuni, na ukiichaji unasahau waya wiki nzima. Ingekuwa yako nisingesema neno. Lakini Mwalimu hujamwona tangu Idi ile. Mkono wa kulia unamtetemeka sana siku hizi. Juzi nilimpa yangu aijaribu: akigusa kioo, kurasa zinaruka mbili tatu, anarudi nyuma, anapotea. Mwisho akanirudishia bila kusema kitu. Roho iliniuma, Zuhura. Anahitaji vitufe vya kubonyeza, na ile Kindle yenye vitufe, Oasis, hawaitengenezi tena.

Mtafutie Kobo Libra, kifaa cha namna hiyohiyo cha kampuni nyingine. Ina vitufe viwili ubavuni, na akiihamishia mkono wa kushoto, maandishi yanajigeuza yenyewe. Ukubwa wa herufi, unene wake, nafasi kati ya mistari, pambizo: unavuta kidogo kidogo mpaka jicho liseme hapo hapo. Kwenye Kindle nafasi na pambizo ni ngazi chache tu. Fonti, yaani mitindo ya herufi, ukitaka kuweka za kwako, Kindle na Kobo zote zinakubali, hapo siidhulumu Kindle. Ila EPUB, yaani faili la kitabu, Kobo inaisoma vilevile ilivyo, unainakili tu kwa waya, wala haipiti kwanza kwenye akaunti ya mtu.

Angalia tena, Libra za karibuni ziko mbili. Libra Colour ya 2024 ina rangi, lakini kioo cha rangi kina kiza kidogo, kama karatasi ya gazeti. Libra 2 ya 2021 ni nyeusi na nyeupe, na weupe wake ni safi. Kwa mtu mwenye mtoto wa jicho, weupe ule ndio kila kitu. Haitengenezwi tena, ila waulize wenye maduka, huenda wamebakiwa nayo. Ukiikosa kabisa, chukua hiyo ya rangi, tutaongeza mwanga. Muhimu vitufe.

Halafu zile PDF zake, kurasa tulizopiga picha mwaka ule. Humo huwezi kukuza herufi, unakuza ukurasa mzima kisha unausukuma huku na huku, na mkono wenyewe ndio ule. Kuna programu ya bure, KOReader, inakata pambizo nyeupe na kuyapanga upya maneno yaenee kwenye kioo. Kwenye Kobo inaingia bila taabu. Kwenye Kindle mpaka uvunje kufuli lake kwanza, na si kila toleo linakubali. Niletee tu, nitamwekea mwenyewe na nitakaa naye mpaka azoee.

Sasa niambie: Mwalimu anajua, au ni siri? Pesa ya mchango imetosha, au niongeze? Dukani watakuruhusu uishike na kubonyeza vile vitufe kabla hujalipa? Na nani atakuja nayo, wewe au mjomba? Kama ni mjomba, mwambie asiitie kwenye sanduku la ndege, kioo kile hakitaki kugandamizwa.

Nijibu kabla ya keshokutwa, tafadhali.

Wako,
Mwanaidi