Salamu za Krismasi, na kisa cha mwanasesere

Shikamooni wakubwa, hamjambo wadogo. Nawaandikia mkesha wa Krismasi, mchele umeshachambuliwa, nyama imeshachemka, na kwa jirani redio inapiga nyimbo za kuzaliwa Bwana tangu alfajiri. Kwenu nyote, mliopo na mliokwama stendi mkitafuta basi la kwenda Moshi, heri ya sikukuu.

Kesho watoto wakitoka kanisani watapita nyumba kwa nyumba kudai sikukuu yao, kila mmoja na nguo mpya. Nami kila nikiwaona hukumbuka Krismasi nikiwa darasa la nne. Kula tulikula: wali, kuku na soda moja ya kugawana. Ila nguo haikununuliwa. Mama alifua sare yangu ya shule, akaipiga pasi ya mkaa mpaka ikang'aa, nami nikasingizia tumbo linauma ili nisitoke nje. Sikuwa na njaa. Nilichokuwa naogopa ni lile swali la watoto wenzangu: wewe umenunuliwa nini?

Kumbe kuna mtu maarufu aliyewahi kuliogopa swali hilohilo. Oprah Winfrey, mtangazaji wa televisheni wa Marekani, amesimulia mara nyingi kwamba alipokuwa na miaka 12 hivi, akiishi na mama yake mjini Milwaukee, mama aliwaambia watoto kwamba mwaka ule hapakuwa na fedha ya zawadi. Familia ilikuwa ikiishi kwa posho ya serikali. Mtoto akabaki akiwaza atawaambia nini wenzake shule zikifunguliwa. Basi wakatokea masista watatu, watu asiowajua, wakabisha hodi wakiwa na bata mzinga, kikapu cha matunda, michezo ya watoto na, kwa ajili yake, mwanasesere. Majina yao hakuyajua mpaka leo. Akikisimulia kisa hiki hakai sana kwenye bata mzinga. Anachokieleza ni ile nafuu ya kujua kwamba hataaibika tena mbele ya wenzake.

Sisi tuna neno lake: stara. Kumsitiri mtu si kumshibisha tu.

Safari yake ya maisha mnaijua, nitaipitia haraka. Alizaliwa mwaka 1954 Kosciusko, Mississippi, akapewa jina la Orpa wa kitabu cha Ruthu, watu wakashindwa kulitamka, likageuka Oprah. (Orpa ndiye yule mkwe aliyerudi kwao. Huyu wetu hakurudi popote.) Akiwa bado shule ya sekondari alikuwa akisoma habari katika redio ya WVOL, Nashville. Baltimore wakamweka asome taarifa ya jioni kwenye televisheni, halafu wakamwondoa, wakampeleka kwenye kipindi cha mazungumzo, na huko ndiko alikokutana na riziki yake. Mwaka 1984 akahamia Chicago, na Septemba 1986 kipindi chake kikaanza kurushwa Marekani nzima. Kikaenda misimu 25.

Lakini watangazaji hodari tumewaona wengi, na wengine tumewazika kwa michango. Kilichomtofautisha yeye ni hesabu. Alianzisha kampuni yake, Harpo, yaani jina lake likisomwa kinyumenyume, na mwaka 1988 kampuni hiyo ikakichukua kipindi kiwe mali yake. Hakubaki kuwa sauti ya kuajiriwa. Mwaka 2003 jarida la Forbes likamtaja kuwa mwanamke wa kwanza Mmarekani mweusi kuwa bilionea. Tunasema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Sawa, ila huyu alijaaliwa vyote viwili.

Desemba 2002 akaenda Afrika Kusini kuwapa Krismasi watoto wapatao 50,000, wengi wao yatima wa ukimwi. Walipata nguo, viatu, vifaa vya shule na vitu vya kuchezea. Wasichana wakapewa wanasesere weusi, na hapo mimi hukumbuka wale masista watatu.

Kisha ikaja shule. Alikuwa amemwahidi Mzee Mandela kwamba atajenga, na tarehe 2 Januari 2007 akaifungua huko Henley on Klip, kusini mwa Johannesburg, Mandela mwenyewe akiwepo. Wasichana wa kwanza walikuwa 152, wote wa familia maskini. Iligharimu dola milioni 40, na maneno yakawa mengi: kwa nini shule moja yenye ukumbi wa michezo ya kuigiza na mashuka mazuri, wakati fedha hiyo ingejenga shule nyingi za kawaida? Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Mwaka uleule kukazuka kashfa ya unyanyasaji bwenini, naye akapanda ndege kwenda kuwaomba radhi wazazi. Pesa haikuzuia hilo. Hata hivyo kuhusu mashuka nasimama upande wake. Mtoto aliyelala chini miaka kumi na miwili hakosi kujua tofauti kati ya kitanda alichopewa kwa kuhurumiwa na kitanda alichotandikiwa kama mgeni wa heshima.

Mwaka 2012 kundi la kwanza, wasichana 72, lilihitimu.

Basi, ndugu zangu, kwangu kesho mlango uko wazi kuanzia saa saba mchana. Pilau ipo, kachumbari ipo, na wenzangu Waislamu msiwe na shaka, mbuzi kachinjwa na Mzee wa msikitini. Noti mpya za elfu moja za watoto nimeshazichenji. Akija mtoto na yeboyebo na kaptura ya shule, naomba asiulizwe amenunuliwa nini. Mpisheni kwenye mkeka, karibu na sinia.

Krismasi njema, na heri ya mwaka mpya. Njooni na njaa.