Ufukwe wa Thailand huchaguliwa kwa pwani na kwa mwezi

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niongeze neno kwenye makala ya safari mliyoichapisha hivi karibuni, iliyowashauri wasomaji waende Thailand msimu wa mvua kwa kuwa hoteli hushusha bei na watalii hupungua. Ushauri ni mzuri, na mimi mwenyewe ndivyo ninavyofanya. Lakini mwandishi aliizungumzia mvua ya Thailand kana kwamba ni moja. Nchi ile ina pwani mbili, na kila pwani ina mvua yake na miezi yake. Msomaji asiyeambiwa hilo anaweza kulipia wiki nzima ya kukaa chumbani akiangalia maji yakitiririka kwenye kioo.

Mimi ni mfanyabiashara wa mawe ya vito. Kazi hunipeleka Chanthaburi, kusini-mashariki mwa Bangkok, ambako soko la mawe huchangamka Ijumaa hadi Jumapili. Wanunuzi hukaa mezani, madalali hupita na vifurushi vya safaya na rubi, bei hupigwa hadi jioni. Jumatatu mtaa huwa umepoa, na mwenye mzigo ambao haujaisha hana la kufanya ila kusubiri Ijumaa nyingine. Siku hizo za kusubiri ndizo zilizonifundisha fukwe za Thailand, na mara nyingi ziliniangukia katikati ya mvua.

Kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Oktoba huvuma kusi. Upepo huu hutoka Bahari ya Hindi ukiwa umeshiba maji na kuipiga pwani ya magharibi, yaani ile ya Bahari ya Andaman: Ranong, Khao Lak, Phuket, Krabi, Koh Lanta. Mawingu yakifika kwenye milima humwaga yote. Ranong wenyeji huuita mji wa mvua miezi minane na jua miezi minne, na hupata mvua ya milimita zipatazo 4,000 kwa mwaka. Sasa vuka milima uende mashariki, kwenye pwani ya pili, ile ya Ghuba ya Thailand. Kwenye shingo ya Kra nchi ni nyembamba mno, haifiki kilomita 50 toka bahari hadi bahari, na ukipanda kaskazini kidogo unaingia mkoa wa Prachuap Khiri Khan, ambako mvua ya mwaka mzima ni kama robo tu ya ile ya Ranong. Milima imeshaikinga.

Wengine wakishasikia hivyo husema, basi upande wa Ghuba ya Thailand ni salama wote. Sivyo. Kusi hiyohiyo huvuka Ghuba, hujaza tena maji njiani, kisha hugonga milima ya mpaka wa Kambodia. Ndiyo maana wilaya ya Khlong Yai, mkoani Trat, ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote Thailand, na ndiyo maana Koh Chang na Koh Kood, visiwa vizuri kupindukia, hulowa Julai na Agosti. Ninaposubiri soko Chanthaburi, Trat iko jirani kabisa, lakini miezi hiyo siendi huko. Napanda basi kurudi Bangkok, kisha nashuka upande wa pili wa Ghuba.

Kuna jamaa wa mwenzangu wa biashara ambao wakala wao aliwakatia wiki ya Phuket mwezi Septemba, wazazi na watoto watatu. Hoteli ilikuwa nzuri na bei ilikuwa nusu. Ila bendera nyekundu ilikuwa mchangani kila asubuhi, na watoto waliokuja kuogelea baharini waliishia kwenye bwawa la hoteli. Hakuna aliyekuwa amewaambia. Na bendera ile si ya kupuuzwa: chini ya mawimbi ya kusi kuna mikondo inayomvuta mtu kuelekea kilindini, na kila msimu watu hufa maji katika fukwe hizo, wengi wao wageni. Tarehe 5 Julai 2018 boti ya watalii iitwayo Phoenix ilizama karibu na Phuket katika dhoruba, wakafa watu 47. Tahadhari ya hali ya hewa ilikuwa imeshatolewa. Serikali yenyewe huvifunga visiwa vya Similan kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Oktoba, na ghuba ya Maya hufungwa Agosti na Septemba. Pwani ambayo wenyewe wanaifunga, kwa nini tumpeleke mgeni huko kwa kisingizio cha bei?

Tena kuna utulivu wa aina mbili, na makala yenu iliuchanganya. Koh Lanta mwezi wa Agosti ni kimya kwa sababu migahawa mingi imefungwa, viti vimefungiwa ndani na boti zimepunguza safari. Msafiri anayetaka utulivu hataki hivyo. Anataka mahali ambapo maisha ya wenyeji yanaendelea kama kawaida, soko lipo, samaki wapo, na yeye ni mmoja wa wageni wachache.

Kwangu mahali hapo ni mji wa Prachuap Khiri Khan. Uko kilomita zipatazo 300 kusini mwa Bangkok, na treni hufika kwa saa nne au tano. Ni treni, si boti, kwa hiyo hakuna dhoruba ya kukuzuia kwenda wala kurudi, jambo ambalo mtu wa biashara mwenye miadi Ijumaa hulithamini sana. Kutoka stesheni unatembea hadi baharini. Mbele yako ni ghuba iliyopinda kwa utaratibu, ina vilima vya mawe ya chokaa kila upande, na kwa kuwa kusi hutokea nchi kavu, maji hutulia. Usiku boti za ngisi huwasha taa za kijani, na upeo wote wa bahari hung'aa kijani kutoka pembe hadi pembe. Nimekaa kwenye ukuta wa barabara ya pwani nikizitazama hadi wauzaji wa samaki wa kuchoma walipoanza kukunja meza.

Kuogelea, watu huenda Ao Manao, kusini kidogo ya mji. Ufukwe huu uko ndani ya kambi ya jeshi la anga, hivyo unaingia kwa geti la askari na barabara inakatisha njia ya kurukia ndege. Hapo ndipo Wajapani waliposhuka alfajiri ya tarehe 8 Desemba 1941, na wanajeshi wa anga wa Thailand wakapigana nao. Leo ni familia za Kithai chini ya miavuli, maji ya kina kifupi, na mchanga mrefu ambao katikati ya wiki unaweza kuutembea bila kupishana na mtu. Pembeni kuna mlima wenye kima wa rangi ya kijivu iliyokoza, wana miduara myeupe kuzunguka macho kama waliovaa miwani. Watoto wao huzaliwa na manyoya ya rangi ya chungwa kali. Niliwahi kumwona mmoja amemkumbatia mama yake tumboni, rangi yake imewaka kwenye majani mabichi yaliyotoka kunyeshewa, nikashindwa kuondoka.

Mvua ipo, sitaki kumdanganya mtu. Huja alasiri, hupiga kwa nguvu, hupita. Anayetaka mji mdogo zaidi aendelee na treni hadi Ban Krut, ambako ufukwe ni mrefu na wageni ni wachache kuliko Prachuap. Anayetaka kuona pango la Phraya Nakhon, lililo kaskazini ya mji katika mkoa huohuo, lenye banda lililojengwa mwaka 1890 kwa ajili ya Mfalme Chulalongkorn, aende asubuhi na kwa viatu vinavyoshika, maana njia ya mawe ikilowa huteleza vibaya.

Kama ni lazima iwe kisiwa, Koh Samui na Koh Phangan ziko sawa Juni hadi Agosti; kwenye Phangan uende kaskazini, Chaloklum au Bottle Beach, ukae mbali na Haad Rin na sherehe zake za mwezi mpevu. Koh Samet, kwa aliye Bangkok, iko karibu na haipati mvua nyingi kama jirani zake wa Trat. Kiingilio cha hifadhi kwa mgeni ni baht 200. Ila Ijumaa jioni Bangkok nzima huhamia huko, kwa hiyo uende Jumatatu.

Kalenda nayo itazamwe. Tarehe 28 Julai ni siku ya kuzaliwa kwa mfalme na tarehe 12 Agosti ni siku ya akina mama. Zikiangukia karibu na wikiendi, hata ufukwe wa Prachuap hujaa. Katika visiwa vya Samui na Phangan utaona pia chupa za siki zimewekwa kwenye nguzo mchangani. Ni za kumwagia penye mchomo wa konyeza wenye sumu kali, ambao wamewahi kuua watu huko. Muulize mwenye nyumba ya wageni kama wameonekana kabla hujamwachia mtoto aingie majini.

Kuanzia katikati ya Oktoba kila kitu hugeuka. Kaskazi huanza kuvuma, na Ghuba ndiyo inayopigwa: Samui hupata mvua yake kubwa kabisa Novemba, wakati Andaman inaanza kukauka. Ushauri wangu wote wa hapo juu ugeuzwe basi, na anayesafiri mwishoni mwa Novemba aende Khao Lak au Koh Lanta bila wasiwasi.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Mkichapisha tena makala ya safari za Thailand, wekeni ramani ndogo ya pwani hizi mbili na miezi ya kila upepo pembeni yake. Watu hukusanya akiba miaka kadhaa kwa safari ya namna hii, na wengi wao wataikata tiketi wakiwa wamelishika gazeti lenu.

Mfanyabiashara wa vito,
Chanthaburi, Thailand