Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo wa Kaunti ya Lamu: mbegu zetu na sauti zetu

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam alaykum. Nakuandikia kutoka Matondoni, kijiji unachokijua kwa majahazi na mikeka. Nina ombi, lakini kwanza kisa.

Mwishoni mwa 2023 mto Tana ulipofurika na maji yakakata barabara pale Lango la Simba, malori ya mboga yalikwama na Mokowe, gati letu la upande wa bara, hapakuwa na cha kupakia mashuani. Nilikwenda soko la Mkunguni, mbele ya Ngome, kutafuta sukumawiki. Nikarudi na kapu tupu, na nilipofika uani nikajikuta nimesimama chini ya mronge uliojaa majani tele ya kupika mboga. Marehemu bibi yangu angenicheka mpaka ushungi umwanguke.

Bibi alikuwa na konde la mtama na kunde, na muhogo mpakani. Mtama ule ndio uliokuwa mkate wetu wa mofa. Kalenda yake haikuwa ya ukutani. Alihesabu miongo tangu Nairuzi, siku ya mwaka mpya wa jua, siku kumi kumi, miongo 36 na siku tano za nyongeza ndipo mwaka utimie. Alijua mwongo wa kuchoma konde na mwongo wa kutia mbegu kabla ya mvua ya mwaka kushuka. Manahodha nao walisafiri kwa hesabu hiyo hiyo. Mimi nimebaki na nusu yake: babu alikuwa nahodha, kwa hiyo miongo ya safari naikumbuka. Ya kupanda imenipotea.

Miaka kadhaa baada ya bibi kufariki ulikuja mradi mmoja, jina lake naliacha. Tulipewa mbegu za pakiti na kitabu cha Kiingereza chenye picha nzuri mno. Kitabu kilisema tupande mwezi wa tatu, mvua zikianza. Zikianza wapi? Huku kwetu mwezi wa tatu kaskazi bado inavuma, na mvua ya mwaka husubiri kusi ishike. Mwezi wa tano ndiyo yenyewe. Tukapanda, tukamwagilia maji ya kisima mpaka kisima kikaanza chumvi, na mahindi yakaungua yakiwa kimo cha goti. Mzee mmoja jirani alikuwa akitutazama siku zote zile. Baadaye nikamuuliza mbona hakusema neno. Akanijibu, "Kwani mliniuliza?"

Hapo ndipo nilipoanza kuwarekodi wazee. Leo tuko wanawake tisa na vijana wawili wanaoijua simu kuliko sisi. Twaenda Kipungani, twaenda Hindi, na tukivuka hadi Siyu twalala huko huko. Kila Alhamisi jioni tunatuma sauti za dakika tano tano kwa WhatsApp: namna ya kuhifadhi kunde kwa majivu, nani bado ana mtama mwekundu, kisima kipi kimegeuka chumvi. Wazee wanasema kwa Kiamu chao, Kiswahili cha Lamu, na hatuwasahihishi. Sauti iliyosambazwa kuliko zote ni ya mabibi wawili wanaobishana kama masuke ya mbegu yatundikwe juu ya mafiga yapate moshi au yaanikwe juani tu. Waligombana dakika kumi nzima. Hatukukata hata neno, na mpaka leo watu wanapiga kura.

Haya si mageni Amu. Miaka ya 1970 tungo za uchaguzi zilizunguka mji huu kwa kaseti, kutoka baraza hadi baraza, wala hakuna aliyengoja stesheni ya Nairobi imruhusu.

Basi ombi la kwanza, na huenda likakushangaza: usitufungulie redio. Homa Bay walipata redio ya jamii mwaka 1982 kwa msaada wa UNESCO, na mwaka 1984 serikali ikaifunga. Sheria ya sasa inautambua utangazaji wa jamii kama daraja lake peke yake. Tukifika huko tutaomba leseni wenyewe.

Tunachotaka kutoka kwako ni bwana shamba. Jedwali la Nne la Katiba limeikabidhi kaunti kazi ya kilimo, kwa hiyo huhitaji kumwandikia mtu Nairobi. Atupe nusu saa kwa wiki. Atumiwe maswali kwa sauti, ajibu kwa sauti, na asiletewe karatasi ya kusoma. Akisema kitu ambacho mzee wa Kipungani anajua si hivyo, mzee aruhusiwe kumkosoa, na jibu lake litumwe vile vile.

La pili ni mbegu. Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Machakos ilibatilisha vifungu vya sheria ya mbegu vilivyomharamishia mkulima kuuza au kubadilishana mbegu zake zisizosajiliwa. Adhabu ilikuwa faini ya hadi shilingi milioni moja, au kifungo cha hadi miaka miwili. Huku kwetu habari ya kifungo ndiyo iliyofika. Ya hukumu bado iko njiani. Wapo mabibi wanaonionyesha kibuyu cha mbegu wamefunga mlango. Tunaomba utuambie habari hii kwa sauti yako mwenyewe, kwa Kiswahili chepesi, dakika mbili zinatosha. Sisi tutaifikisha.

Na Mfunguo Sita, wageni wa Pate, Siyu na Faza wanapokuja kwa Maulidi, tunaomba meza mbili kwenye kivuli karibu na Ngome: moja ya kubadilishana mbegu, moja ya kurekodi. Mashindano ya punda ya Maulidi hayatadhurika.

Najua utaniambia kisiwa hakiwezi kujilisha. Ni kweli. Mchele na ngano vitaendelea kuvuka kutoka Mokowe. Mimi nazungumzia mboga, kunde, muhogo na mtama, vitu ambavyo ardhi hii ilikuwa ikivitoa mimi nikiwa mtoto. Vijana nao siwalaumu. Tangu gati la kwanza la bandari lifunguliwe mwaka 2021, masikio yao yako huko, na konde lililo karibu na barabara huulizwa bei kabla ya kuulizwa linazaa nini.

Mzee yule jirani sasa amepita miaka 80. Miongo ya kupanda anayo yote kichwani. Tumemrekodi hadi mwongo wa kumi na mbili, kisha kikohozi kikamzuia. Ameniambia tuendelee wiki ijayo inshallah. Ukimtuma bwana shamba, aje asubuhi. Baada ya adhuhuri mzee hulala.

Wasalaam,

Mkulima wa Matondoni, Lamu