Mwanangu, nenda na swali la mihogo yetu

Muheza, Tanga

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi huku hatujambo. Baba yako magoti yamepata nafuu, na bibi hakuachi mdomoni. Barua yako nimeisoma pamoja na zile karatasi za ufadhili ulizoambatanisha, nimezisoma zote hadi maandishi madogo ya chini. Umeniuliza mambo mawili: kama ni busara kuacha kazi ya ualimu msaidizi hapo chuoni ukasome Ujerumani, na kama akili mnemba, hii wanayoiita AI, ni fani ya kumweka mtu mjini au ni upepo wa kupita. Nimeona nikujibu kwa maandishi, maana kwenye simu tunaishia kuulizana hali tu.

La kwanza jibu lake ni fupi: nenda. La pili ndilo lililonikalisha mezani.

Kazi yangu unaijua. Nimezeekea kwenye ugani, na mihogo ndiyo iliyonizeesha. Programu ya simu iitwayo Nuru ilipoletwa nilikuwa bado kazini. Unaishika simu juu ya jani, unaituliza mkono usitikisike, kamera inalikagua jani, kisha inakuandikia kwa Kiswahili kama ni ugonjwa wa batobato, ni ugonjwa wa michirizi kahawia, ni mdudu utitiri wa kijani, au jani ni zima. Haihitaji bando. Iliundwa na Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani pamoja na watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za tropiki, na picha za mwanzo za kuifundishia zilipigwa mashambani hapa hapa Tanzania.

Niliifurahia kwa dhati na mpaka leo naifurahia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliipima Nuru pamoja na maafisa ugani na wakulima. Kwa jani moja, Nuru ilipatia asilimia 65, maafisa ugani kati ya 40 na 58, wakulima kati ya 18 na 31. Ikikagua majani sita ya mmea mmoja inapanda hadi kati ya 74 na 88. Hao maafisa ni watu wa kazi yangu, na namba zao nilizikubali, kwa sababu batobato changa hata mimi nimewahi kuona wenzangu wenye uzoefu wakibishana juu yake shambani mpaka jua linatua.

Lakini michirizi ni ugonjwa mnafiki. Mtafiti Storey aliueleza mwaka 1936 akiwa Amani, huku juu milimani kwetu, na tangu hapo haujaacha kutudanganya. Dalili zake hukaa kwenye majani ya chini, yale yaliyokomaa, tena hafifu. Shina linasimama vizuri, mwenye shamba anapiga hesabu za mavuno, siku ya kung'oa anaukata muhogo anakuta ndani una madoa makavu ya kahawia, hauliki wala hauuziki. Kamera inaona jani. Mzizi uko chini ya udongo.

Na hilo bado wataalamu wa mimea wanaweza kulihangaikia. Linaloniumiza mimi ni jingine. Kijijini kwetu anayelima mihogo ni mama. Simu janja ni ya baba, na saa za palizi simu iko naye juu ya bodaboda. Mama anajua ni mstari upi umeanza kukunja majani, anajua na mwaka jana ulianzia wapi, lakini kifaa cha kumthibitishia kiko Muheza mjini mfukoni mwa mtu mwingine. Akishaambiwa shamba lina batobato, mbegu safi ataipata wapi, na kwa pesa ya nani? Nani ndani ya nyumba ana kauli ya kung'oa shamba zima? Utafiti ule ulipima jicho la mashine, na uliipima vizuri. Haya mengine yanataka mtu wa kuyapima kwa uzito uleule, mwenye kuijua mashine kwa ndani na kumjua yule mama. Mtu huyo anaweza kuwa wewe.

Kwa hiyo ushauri wangu, mama, ni usiende kusomea kutengeneza mashine tu. Wa kuzitengeneza ni wengi na wana fedha nyingi nyuma yao. Wa kuuliza mashine imemfanyia nini mtu wa kawaida ni wachache, na wanaotoka kwetu ni wachache zaidi.

Tazama waliofanya kazi hiyo. Mwaka 2018 Joy Buolamwini, mwenye asili ya Ghana, na Timnit Gebru, mzaliwa wa Addis Ababa, walizipima programu za kampuni tatu zinazotambua jinsia ya mtu kwa kumtazama uso. Kwa wanaume weupe kosa halikuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi lilifika asilimia 34.7. Programu zile zilikuwa sokoni zinauzwa, na wahandisi hodari walikuwa wamezipitia. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza: je, sisi?

Usidhani pia kwamba Ulaya mambo yamenyooka. Uholanzi mamlaka ya kodi ilitumia mfumo wa kompyuta kuchagua nani achunguzwe kwa udanganyifu wa posho ya malezi ya watoto, na kutokuwa raia kukahesabiwa kuwa dalili ya hatari. Maelfu ya familia zilidaiwa kurudisha fedha ambazo hawakuiba, nyingi za wahamiaji, wengine wakafilisika. Serikali nzima ilijiuzulu Januari 2021. Yule mzazi aliyepokea barua ya deni hakuwa na wa kumuuliza kwa nini yeye. Umoja wa Ulaya sasa una sheria ya akili mnemba, imeanza kuwa na nguvu tarehe 1 Agosti 2024, na sheria ya namna hiyo haitekelezeki bila watafiti wa kuchunguza mifumo na kusema huu unaonea watu. Kazi ipo, na itakuwepo kwa miaka mingi. Ndiyo maana nakwambia si upepo.

Utakapofika huko utaliona ua letu madirishani kwa watu. Lile dogo la zambarau, lenye majani ya manyoya. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa hapa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata likapewa jina la kitaalamu, Saintpaulia, kwa heshima ya ukoo wao, likazalishwa kwenye vitalu, na leo linauzwa kwenye vyungu dunia nzima. Kwenye misitu ya Usambara baadhi ya aina zake ziko hatarini kutoweka. Kila ninaposikia kwamba sauti zetu, picha za nyuso zetu na za majani yetu ni data, nalifikiria ua hilo. Mtu alilichuma, akalisafirisha, likawa la kwake. Wewe ukiwa kwenye chumba wanachojadili data za Afrika Mashariki, uliza zilichukuliwa kwa idhini ya nani, zimehifadhiwa wapi, na waliozitoa watarudishiwa nini. Uliza hata kama wewe ndiye mgeni pekee pale na sauti inatetemeka.

Kuna na wale vijana wa Nairobi. Jarida la Time liliandika Januari 2023 kwamba walilipwa chini ya dola mbili kwa saa kusoma maandishi ya ukatili na ya kudhalilisha watoto, wakiyawekea alama ili ChatGPT, ile programu inayojibu watu kwa maandishi, ifundishwe kuyaepuka. Dunia inaisifu mashine kwa lugha yake safi. Waliyoyasoma yamebaki vichwani mwao, na wengine walieleza wazi jinsi yalivyowaharibia usingizi na nyumba. Hilo nalo ni somo la uzamivu kamili, na mtafiti anayezungumza nao Kiswahili ataambiwa mambo ambayo mwingine hataambiwa.

Sasa niseme kuhusu Berlin, maana kwenye orodha yako umeiweka ya mwisho na mimi ningeiweka juu. Mwaka 1923 alizaliwa pale mtoto wa Kiyahudi, Joseph Weizenbaum. Mwaka 1936 familia yake ikawakimbia Wanazi, ikaenda Marekani. Akawa mwalimu wa chuo cha MIT huko huko Marekani, na mwaka 1966 akatoa programu aliyoiita Eliza, iliyozungumza na mtu kwa maandishi. Ilikuwa nyepesi sana: ukiandika una huzuni, inakuuliza kwa nini una huzuni. Katibu wake mwenyewe, aliyemwona akiitengeneza, alipokaa kuzungumza nayo alimwomba atoke nje ya chumba awaache faragha. Weizenbaum alishtuka. Maisha yake yaliyobaki aliyatumia kuwaonya watu kwamba kuna maamuzi ya kibinadamu yasiyofaa kuachiwa mashine, hata kama mashine inaweza kuyafanya. Uzeeni alirudi Berlin, akafariki mwaka 2008. Tangu 2017 kuna taasisi pale yenye jina lake, Weizenbaum Institute, inayotafiti teknolojia na jamii na kupokea watafiti wageni kutoka nje. Mimi moyo wangu uko hapo. Mtu aliyelazimika kuhama, akaijua mashine kwa kuiunda mwenyewe, kisha akathubutu kuihoji, ni mwalimu mzuri hata akiwa marehemu.

Kuhusu fedha, nimekaa na baba yako tukahesabu. Vyuo vingi vya umma vya Ujerumani havitozi ada ya masomo, ila jimbo la Baden-Württemberg linawatoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, kwa hiyo chuo cha Tübingen, kilicho jimboni humo, kipigie hesabu zake mapema. Kikwazo kikubwa ni ile akaunti wanayotaka uiwekee fedha za kujikimu kabla ya viza, euro 11,904 kwa mwaka, unazichota 992 kila mwezi. Hizo hatuna, na shamba la Mtindiro hatuliuzi. Ukiwa na barua ya ufadhili kamili hawaidai, basi nguvu zako zote zipeleke kwenye ufadhili. DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, wana fungu lao la kawaida, na wanagharamia pia shule tatu za akili mnemba zenye jina la Konrad Zuse, zinazopokea watu wa uzamili na uzamivu kutoka nchi zote. Ile ya Munich inashughulikia mifumo ya kuaminika, ambayo iko jirani na unachokitafuta. Angalia sharti la DAAD la miaka tangu shahada ya mwisho, kwa kawaida haitakiwi kuzidi sita. Ufadhili wa Erasmus Mundus wa Umoja wa Ulaya utakupitisha nchi zaidi ya moja. Ufadhili wa Chevening wa Uingereza ni wa mwaka mmoja na unakutaka urudi nyumbani kwa miaka miwili. Sharti hilo mimi silioni kuwa adhabu. Na uzamivu wa Ujerumani wengi wanaufanya kama waajiriwa wa chuo, kwa mkataba na mshahara, kwa hiyo usione aibu kumwandikia profesa moja kwa moja. Mwandikie ukurasa mmoja, umeshasoma kazi zake, na swali lako liwe aya ya kwanza.

Wakala yeyote atakayekuomba fedha akupatie nafasi, mwache aende zake. Fomu za DAAD unajaza mwenyewe bure.

Usingoje ndege ndipo uanze utafiti. Watafiti wa kundi la Masakhane wamekuwa wakijenga teknolojia za lugha za Afrika tangu 2019, wametapakaa bara zima, wala hawakuulizi una shahada ngapi. Deep Learning Indaba, mkutano wa Waafrika wa akili mnemba, ilianzia Johannesburg mwaka 2017, ikaja Nairobi 2019, na 2025 ilikuwa Kigali, ambako basi linafika. Nakuhimiza haya kwa sababu viza si za kuzitegemea. Mwaka 2018 watafiti wengi wa Kiafrika walinyimwa viza za Kanada, wakakosa mkutano wa akili mnemba wa Montreal ambao kazi zao zilikuwa zimeshakubaliwa, na mwaka uliofuata wengine wakanyimwa tena. Ilibidi watu wapige kelele, na mkutano mwingine mkubwa wa fani hiyo, ICLR, ulifika Kigali Mei 2023. Ukinyimwa mara ya kwanza, jua kwamba wamenyimwa waliokutangulia, na hawakuishia hapo.

Kuhusu kutokurudi, ambalo hukuliuliza lakini nimelisoma katikati ya mistari: mimi sitakufunga kamba. Ukipata kazi huko na inakupa nguvu ya kufanya hili ninalolisema, ifanye. Ninachokuomba ni kwamba utafiti wako uwe na shamba la kweli ndani yake na watu wa kweli, na majibu yake yaandikwe pia kwa lugha ambayo yule mama wa Mtindiro atasomewa na mwanawe akaelewa. Niliowapokea kutoka vyuoni, wakahoji wakulima wangu, wakaondoka na madaftari yamejaa, ni wengi. Waliorudi kutueleza walichokipata walikuwa wachache sana, na wakulima bado wananiuliza mimi.

Cheti chako cha kuzaliwa nimekitoa kabatini, tutakifanyia uhakiki RITA, wakala wa usajili wa vizazi, pamoja na cha kidato cha nne kule Baraza la Mitihani. Pendekezo lako la utafiti nitumie rasimu kabla hujampa msimamizi wako. Sehemu ya mihogo nitaisahihisha mwenyewe, na nimeshaongea na kina mama wawili ambao wako tayari uje uwahoji Desemba, baada ya vuli kutulia. Uje na viatu vya shambani.

Baba yako anakusalimu sana.

Ni mimi mama yako akupendaye.