Barua ya wazi kwa mpwa wangu wa Arusha: usiupite mnara wa Chumbe

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu zako zimefika, na sote hapa Moshi tumefurahi kusikia kwamba kazi ya kupokea watalii inakuendea vizuri. Hata hivyo, ulisema kwamba wageni wako wakitoka Serengeti na Ngorongoro huwapeleka Zanzibar kwa ajili ya ufukwe tu, na kwamba mnara wa taa wa kisiwa cha Chumbe hauna kazi tena kwa kuwa meli siku hizi huongozwa na setilaiti. Nimeona nikujibu hadharani, maana wenye fikra hiyo ni wengi.

Mnara ule ulijengwa mwaka 1904, Zanzibar ikiwa chini ya himaya ya Uingereza, kusini mwa mji, ili vyombo vinavyoelekea bandarini viepuke miamba usiku. Taa yake ingali inawaka. Kwangu mimi, hilo lina uzito kuliko umri wake, kwa sababu baharini hawapiti wenye meli kubwa peke yao; wamo pia wavuvi na manahodha wa majahazi ambao kifaa chao kikizima hubaki na macho yao na nuru iliyo mbele yao.

Urithi wa Chumbe, hata hivyo, si mnara pekee. Nyumba ya mtunza taa, iliyokuwa imebaki gofu, ilijengwa upya na sasa ndipo wageni wanapopokelewa, na karibu yake upo msikiti mdogo wenye sura ya ujenzi wa Kihindi, uliojengwa kwa ajili ya watunza taa na familia zao. Ningelazimishwa kuchagua, ningeutetea msikiti kwanza: mnara unatueleza serikali ilitaka nini, ilhali msikiti unatueleza kwamba kulikuwa na watu walioishi pale, wakasali na kulea watoto katikati ya maji.

Majengo ya namna hii hayasubiri. Chumvi ya bahari hula kuta na vyuma bila kupumzika, na fundi anayeziba nyufa za ukuta wa kale wa mawe na chokaa kwa saruji huzidisha madhara, kwa kuwa saruji hufungia unyevu ndani na jiwe huanza kumeguka. Inahitajika chokaa, mafundi wanaoijua, na fedha za kila mwaka. Huko Chumbe, ambako miamba ya matumbawe ilitangazwa rasmi kuwa hifadhi mwaka 1994 na baadhi ya walinzi wake wa mwanzo walikuwa wavuvi, uhifadhi hugharimiwa kwa kiasi kikubwa na malipo ya wageni. Kwa hiyo mgeni unayempitisha mbali na kisiwa hicho ni chokaa iliyopungua.

Sisi wa Moshi tunalijua jambo hili. Reli kutoka Tanga ilifika hapa mwaka 1911, kisha treni za abiria zikakoma kwa miaka mingi, na stesheni ikawa jengo la kupitwa tu hadi safari ziliporejea Desemba 2019.

Naomba, basi, kabla hujachapisha ratiba ya msimu ujao, uiweke Chumbe humo kwa siku nzima, si kwa saa mbili za kuogelea. Waongoza wageni wako wawapandishe watu zile ngazi zaidi ya 130, kisha wawaonyeshe msikiti na kuwaeleza waliuhitaji akina nani. Ukishaiandaa, nitumie niisome.

Mjomba wako,
Moshi