Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Darasa Licheke Kwanza, Kisha Liulize Kwa Nini

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma mhazini, na mahudhurio ya vikao yamo kwenye taarifa ya katibu. Mimi nitazungumzia kazi iliyotuleta pamoja katika chama hiki, yaani kufundisha historia na kuokoa ushahidi wake kabla haujaliwa na mchwa.

Kuna swali ambalo mwalimu wa historia hulikuta kila mkutano wa wazazi: mtoto akishajua kwamba Vita vya Maji Maji vilianza mwaka 1905, itamsaidia nini? Mzazi anayelipa michango ana haki ya kuuliza hivyo, na kumwambia kwamba asiyejua atokako hajui aendako hakumtoshi, maana methali hiyo ameisikia tangu akiwa mdogo. Anataka kuona faida. Ndiyo maana mwaka huu kamati iliamua kuandaa mwongozo wa somo moja tu, uliokamilika, ambao mwalimu yeyote anaweza kuuchukua Jumatatu na kuufundisha Jumanne. Tulichagua Mpango wa Karanga wa Kongwa, mkoani Dodoma. Una fedha ndani yake, una sayansi ya udongo, una siasa, na unachekesha bila mwalimu kuongeza chumvi.

Kwa wasioukumbuka vizuri: baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula, na chakula kwao kilikuwa bado kinatolewa kwa mgawo. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya biashara ya United Africa Company, alipendekeza karanga zilimwe Afrika Mashariki kwa mashine. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, ulizunguka kwa wiki tisa, sehemu kubwa ukiitazama nchi kutoka kwenye ndege. Ukapendekeza mashamba 107, kila moja ekari 30,000: 80 Tanganyika, 17 Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo) na 10 Kenya. Mpigieni mwanafunzi hesabu hiyo ubaoni, mpate ekari 3,210,000. Kwa mwaka 1947 peke yake lengo lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa ni 7,500, yaani ekari moja kwa kila 20 zilizoahidiwa. Januari 1951 serikali ya Uingereza iliufuta mpango, na hasara iliyoandikwa vitabuni ilikuwa zaidi ya pauni milioni 36.

Sasa somo lenyewe. Linahitaji vipindi viwili mfululizo, dakika 80, na maandalizi ya siku nne kabla. Chukua udongo wa mfinyanzi wa kujaza kopo la lita moja, changanya na mchanga wa mto kiasi cha robo ya kopo, uloweshe mpaka ushikane. Fukia ndani yake karanga 10 zenye maganda, kisha liweke kopo juani. Kopo la pili lijaze mchanga mtupu, nalo lifukiwe karanga 10. Udongo ukipasuka juu, usiumwagie maji tena. Mchanganyiko ukiwa na mchanga mwingi kupita kiasi hautakauka kuwa mgumu na somo litaharibika, kwa hiyo pimeni kwa kikombe kilekile, msikadirie kwa macho.

Dakika 25 za kwanza, wanafunzi wawe ndio wapangaji wa London. Wape mambo yale tu ambayo wapangaji waliyaona: uhaba wa mafuta, eneo kubwa lisilo na watu wengi, kumbukumbu chache za mvua, na mashine za jeshi zilizobaki vitani. Wapige kura kama mradi uanze au usianze. Mara nyingi darasa hupitisha mradi kwa shangwe, na hapo ndipo pa kuwaacha kwanza. Mwalimu asiwakatize. Akiwaambia mapema kwamba mradi ulianguka, kila mmoja atajifanya alijua tangu mwanzo, na kujua matokeo kabla ya sababu ndilo kosa kubwa katika ufundishaji wa historia.

Baada ya kura, walete makopo mbele. Mwanafunzi mmoja achimbue karanga za kwenye mchanga kwa vidole. Mwingine achimbue zile za kwenye mfinyanzi. Huyu wa pili atakwaruza, atagonga kopo, ataomba kijiko, na karanga atakazozitoa nyingi zitakuwa zimepasuka maganda. Darasa litacheka. Liacheni licheke, halafu mwalimu aeleze kwamba ua la karanga likishachavushwa hutoa kikonyo kinachoinama na kujichimbia ardhini, na ganda hukua huko chini. Udongo wa juu ukiwa mgumu, kikonyo hakipenyi. Kikipenya na mvua ikikatika mapema, ganda linafungiwa humo kama lilivyo kwenye kopo. Kongwa walikuwa na udongo wa namna hiyo, tena wenye chembe kali za mawe zilizokula majembe ya trekta. Ekari milioni tatu za kopo lile zingevunwaje?

Mambo ya mashine yafuate hapo, kwa sababu wanafunzi hawayasahau. Matrekta yaliyopatikana mengi yalikuwa mitumba ya jeshi, yamechoka kabla hayajafika. Vifaru aina ya Sherman vilibadilishwa na kiwanda cha Vickers kuwa matrekta, vikaitwa Shervick, vikapelekwa kupambana na vichaka na mibuyu ya Ugogo. Njia iliyofanya kazi vizuri kuliko nyingi ilikuwa kufunga mnyororo wa nanga ya meli kati ya matrekta mawili makubwa, yakaenda sambamba na kuangusha miti iliyo katikati. Mnyororo wa nanga, Kongwa, mamia ya kilomita kutoka baharini! Na mti ukianguka kazi ilikuwa haijaisha, maana mizizi ilibaki chini ikisubiri plau. Waombeni wanafunzi wachore picha ya jambo hilo. Nyuki waliokaa kwenye mapango ya mibuyu nao walishiriki kikamilifu, kwa upande wao.

Hapa naomba walimu wawe makini na kicheko. Kinachochekwa ni uamuzi na namna ulivyofanywa. Wahandisi na vibarua waliotumwa Kongwa wasidhihakiwe, maana walifanya kazi ngumu kwenye jua na maji haba. Vilevile tusiwape watoto toleo rahisi linalosema Wazungu walikuwa wajinga na wenyeji walijua kila kitu. Wapangaji walikuwa na sababu ya haraka, na walikuwa na takwimu. Walichokosa ni swali moja ambalo halikuhitaji ndege: kwa nini nchi kubwa hivi ina watu wachache? Jibu lilikuwa kwa Wagogo, waliokuwa wakilima mtama na uwele na kuhamisha ng'ombe kufuata malisho, na ambao bado walikuwa na wazee waliopitia njaa ya Mtunya, mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake. Eneo lililoonekana tupu kutoka angani lilikuwa na historia ya mvua iliyoandikwa katika majina ya njaa.

Huyo mzazi wa mkutano tumjibu kwa mfano huu. Mtoto aliyefanya somo la makopo, kesho akiwa diwani, mhasibu au mwenyekiti wa ushirika, akiletewa mradi wenye tarakimu kubwa na wiki chache za utafiti, atajua cha kuuliza. Tunafundisha historia kwa ajili ya siku hiyo. Mtaala mpya una somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili, kwa hiyo mlango uko wazi.

Mwongozo una kiambatisho kifupi kuhusu vita vya Zanzibar vya tarehe 27 Agosti 1896, ambavyo kila mtu huvitaja kuwa vifupi kuliko vyote duniani. Mizinga ilianza saa tatu na dakika mbili asubuhi, na vitabu vingine vinasema dakika 38, vingine 45. Wanafunzi waeleze tofauti hiyo inatoka wapi, kwa sababu inategemea unahesabu mwisho kuwa ni lini. Kuna pia habari ya Khalid bin Barghash, aliyejitwalia usultani bila kukubaliwa na Waingereza, na aliposhindwa akakimbilia ubalozi mdogo wa Wajerumani. Wajerumani walisubiri mpaka tarehe 2 Oktoba, maji yalipojaa hadi kwenye ukuta wa bustani yao, ndipo akapanda mashua moja kwa moja bila kukanyaga ardhi ya Zanzibar, akapelekwa Dar es Salaam. Watacheka tena. Lakini somo lisiishie kwenye dakika, kwa kuwa upande wa Zanzibar watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa, na upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Atakayetoka darasani anakumbuka dakika tu, amefundishwa nusu.

Ndugu wanachama, jambo la pili ni la haraka kuliko la kwanza. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1947 alizaliwa 1937. Hao ndio mashahidi waliobaki wa Mpango wa Karanga, na sauti zao tukizikosa sasa hatutazipata tena. Wanachama wanaorekodi wazee wana moyo, lakini rekodi zinazoletwa zina kasoro zinazojirudia, nazo zinaepukika.

Simu iwekwe hali ya ndegeni kabla ya kuanza, vinginevyo itaita katikati ya sentensi yenye thamani. Iwekwe juu ya kanga iliyokunjwa, umbali wa shubiri mbili hivi kutoka kwa msemaji. Ikilazwa juu ya meza tupu, kila kikombe kinachowekwa kitasikika kama mlango unaogongwa. Rekodi ianze na jina la kijiji, tarehe, na ridhaa ya mzee kwa sauti yake mwenyewe. Faili ipewe jina kwa mwaka, mwezi, siku, kisha kijiji, ili zijipange zenyewe. Zitunzwe nakala tatu, moja ikiwa nyumba nyingine kabisa. Kuituma WhatsApp si kuihifadhi, kwa sababu sauti inaweza kupunguzwa ubora na simu ikipotea imepotea nayo.

Usimuulize mzee, "Ilikuwa mwaka gani?" Atakupa mwaka ili kukuridhisha. Uliza kwa vigingi: ilikuwa kabla au baada ya Uhuru, Desemba 1961? Kabla ya Azimio la Arusha, Februari 1967? Wakati wa kuhamia vijijini, au wakati wa Vita vya Kagera, 1978 na 1979? Alikuwa ameshaoa, mtoto wa kwanza alikuwa anatembea? Vigingi viwili, kimoja kabla na kimoja baada, vinakupa mwaka wa kuaminika kuliko tarakimu iliyotajwa papo hapo. Na usimwekee jibu mdomoni. "Mradi ulikufa kwa ajili ya ukame, sivyo babu?" itakupa "ndiyo" ya adabu. "Ardhi ilikuwaje kiangazi, babu?" itakupa habari. Mwisho wa kila kisa ongeza swali hili: "Hili uliliona mwenyewe au ulisimuliwa?" Majibu yote mawili yana faida, ila yasiandikwe safu moja.

Kuhusu picha na barua za zamani, nasema kwa msisitizo: acheni kulaminisha. Joto na plastiki vikishashika picha haviondoki, na picha imekwenda. Selotepu nayo huacha doa la kahawia, na pini za stepla hupata kutu ikala karatasi. Majina ya waliomo kwenye picha yaandikwe nyuma, pembeni, kwa penseli laini, picha ikiwa imelala juu ya kitu kigumu. Kalamu ya wino huvuja hadi mbele. Sanduku liinuliwe kutoka sakafuni angalau sentimita 15 na lisiguse ukuta, ili njia ya mchwa ionekane mapema. Karatasi zikilowa, zitandazwe kivulini penye upepo, zisianikwe juani. Zisipokauka ndani ya saa 48, ukungu huanza. Picha zilizoshikana kwa maji zisivutwe kwa nguvu. Ziloweshwe kwenye maji safi ya baridi mpaka ziachiane zenyewe.

Mwaka ujao kamati inapendekeza mambo mawili. La kwanza ni kufuata mpango uleule hadi Nachingwea na Urambo, ambako pia karanga zilijaribiwa, pamoja na reli iliyojengwa kutoka Mtwara hadi Nachingwea na kung'olewa baada ya Uhuru. La pili ni maisha ya Kongwa baada ya karanga, kwa sababu hapo hapo wapigania uhuru wa SWAPO ya Namibia, ANC ya Afrika Kusini na FRELIMO ya Msumbiji walipewa kambi katika miaka ya 1960. Wazee waliowauzia maziwa na kuku bado wapo, na umri wao unaruhusu kazi ifanyike kwa utulivu kidogo kuliko ile ya 1947.

Fomu za kuorodhesha mashahidi ziko mezani kwa katibu. Kila mwanachama anayemfahamu mzee wa aina hiyo aandike kijiji, umri wa kukadiria, lugha anayoongea kwa raha, na saa za siku anazokuwa na nguvu. Namba ya simu isiandikwe mpaka mwenyewe akubali. Fomu zikusanywe kabla ya chakula cha mchana ili kamati ya kurekodi igawane maeneo leo hii.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti